Mfupa Umeunga, Lakini Mkono Haukamati Breki

Shikamoo Mwalimu,

Nina miaka 38 na nimepanda baiskeli tangu utotoni. Wiki tisa zilizopita nilianguka. Nilikuwa namalizia mteremko, kasi ya kawaida tu, nikaingia kwenye kona na kukuta kokoto zimetapakaa. Nikabana breki ya mbele ilhali baiskeli imeshalala upande. Gurudumu likateleza, nikatanguliza mkono wa kushoto. Nilisikia mlio kama wa kijiti kikavu, na nilipotazama, mkono ulikuwa umepinda juu ya kifundo mfano wa uma wa mezani uliolazwa kifudifudi.

Hospitali waliunyoosha, wakanifunga plasta ngumu toka chini ya kiwiko hadi karibu na vidole. Nilikaa nayo wiki sita. Siku ilipokatwa sikuutambua mkono wangu. Ulikuwa mwembamba kama wa mtoto, ngozi inabanduka magamba, na kifundo kimekaza utadhani kimepigwa misumari. Daktari akaitazama eksirei, akaniambia: "Mfupa umeunga vizuri. Anza kuutumia taratibu." Nikapewa karatasi yenye michoro ya mazoezi na kuelekezwa kwa mtaalamu wa mazoezi tiba. Mwalimu, sitakuficha. Kwa mtaalamu sikwenda, na yale ya kwenye karatasi niliyafanya siku nne. Yaliniuma, nami nikajiambia kwamba mfupa uliokwisha kuunga hauna haja ya kubembelezwa. Dawa yake ni kupanda baiskeli.

Basi wiki moja baada ya plasta nikaishusha baiskeli ukutani. Tairi zilikuwa zimeisha upepo. Nilishindwa kusukuma pampu. Kila nikiegemea kiganja, maumivu yanapanda hadi kiwikoni. Aliyenijazia ni mwanangu wa miaka tisa. Nikamwambia asimwambie mama yake.

Kwenye tambarare nilikwenda vizuri, hata nikafurahi. Nilipoanza kushuka, vidole vya kushoto vilifika kwenye breki lakini havikuwa na nguvu ya kuivuta. Kwenye baiskeli yangu mkono huo ndio wa breki ya mbele. Nikabana ya nyuma kwa nguvu zote, gurudumu likakwama, baiskeli ikaanza kuserereka. Nikashusha mguu, nikaburuza kiatu mpaka nikasimama hatua tatu kutoka ukutani. Nilirudi nyumbani nikiikokota. Jioni kifundo kilivimba, nikamwambia mke wangu kwamba nimekilalia.

Sasa wenzangu wa kundi wana safari ya kilomita 90 wiki tatu zijazo na hawaniachi. Wananitajia Tadej Pogačar, yule bingwa wa mbio za baiskeli, kwamba alivunjika kifundo cha mkono Aprili 2023 na Julai alikuwa kwenye Tour de France, mbio kubwa za Ufaransa. Mke wangu anataka baiskeli iuzwe. Mimi nipo katikati. Nikifumba macho naiona ile kona, na asubuhi naamka dole gumba na vidole viwili vya jirani yake vimeshikwa na ganzi. Kwa kukaa bure nimerudia pia sigara, mbili tatu kwa siku, baada ya kuziacha miaka minne. Angalau helmeti ilinisaidia. Ina ufa mdogo kwa ndani lakini bado inafunga vizuri.

Je, wiki tatu zinanitosha? Au mama watoto ana haki?

Ni mimi,
Baba wa Wawili

*

Marahaba, mwanangu, na pole sana. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili nilisimama kwenye ule ukuta. Hatua tatu! Namshukuru Mungu kwa kile kiatu.

Mimi ni mwalimu wa baiskeli, si daktari, kwa hiyo naanza na lile ambalo halingoji ushauri wangu. Hiyo ganzi. Dole gumba, kidole cha shahada na cha kati hupata hisia zake kupitia mshipa mmoja wa fahamu, ambao hupita katikati ya kifundo ndani ya njia nyembamba, mifupa chini yake na ukanda mgumu juu yake. Mfupa ukivunjika hapo jirani, uvimbe huubana mshipa huo, na aghalabu mtu huamka nao asubuhi kama unavyoamka wewe. Mara nyingi ganzi huondoka uvimbe unapoisha. Lakini mshipa ukiachwa umebanwa kwa miezi, misuli ya chini ya dole gumba hunywea, na huenda isirudi yote. Kwa hiyo rudi hospitali wiki hii. Wala usiende na hadithi ya kukilalia kifundo. Mwambie daktari ulipanda, ukabana breki, ukavimba, maana bila hayo anatibu mkono wa mtu mwingine.

Ukiwa bado nyumbani, jipime mambo mawili ili uwe na la kumweleza. Inua dole gumba kama mtu anayeomba lifti. Kwenye shina lake, upande wa juu, patatokea kishimo kati ya kano mbili. Kibonyeze. Pakiuma, sema, kwa sababu chini ya kishimo hicho kuna mfupa mdogo wenye umbo la mtumbwi ambao nao huvunjika mtu anapotanguliza kiganja. Ufa wake una tabia ya kujificha kwenye eksirei ya siku ya kwanza, ndiyo maana madaktari wakiushuku hurudia picha baada ya siku 10 hadi 14. Damu ya mfupa huo huingilia upande wa mbali na kurudi nyuma, hivyo ukivunjika katikati yake, kipande kimoja kinaweza kukosa damu na kufa taratibu. Halafu laza kiganja mezani, ujaribu kuinua dole gumba peke yake kuelekea dari. Likigoma kabisa, huenda kano yake imekatika. Hilo hutokea hata wiki kadhaa baada ya ajali, na hata pale mfupa wenyewe haukusogea sana. Na kama mkono unawaka moto kupita kiasi, unabadilika rangi, unatoka jasho usipofanya kazi na hautaki hata kuguswa na shuka, hiyo nayo ni ya daktari mapema, usiivumilie kiume.

Sasa nije kwenye neno lililokuponza. Daktari alisema mfupa umeunga. Wewe ukasikia mkono umepona.

Mfupa unapovunjika, damu huganda kwanza kati ya vipande. Ndani ya wiki mbili tatu hapo hujengeka kitu laini, kama gegedu, kinachovishika vipande bila kuvikaza. Kisha chokaa huingia, na kati ya wiki ya 6 na ya 12 hivi kile kitu laini hugeuka mfupa, lakini mfupa wa haraka haraka, mnene na wenye mpangilio mbaya, kama ukuta uliozibwa kwa udongo usiku ili tu mvua isiingie. Baada ya hapo mwili huanza kuutengeneza upya: unapunguza pasipohitajika, unaongeza pale panapobeba mzigo. Kazi hiyo huchukua miezi, na kwa mtu mzima huweza kupita mwaka. Mjerumani Julius Wolff aliliandika jambo hilo mwaka 1892, kwamba mfupa hujijenga kufuata mzigo unaobebeshwa. Kwa hiyo hukukosea ulipofikiri mkono unahitaji kazi. Ulikosea kipimo cha kazi.

Na huo ni mfupa tu. Plasta ilipokuwa inaushika mfupa, ilikuwa inavinyima mwendo vitu vingine vyote vilivyomo ndani yake. Misuli ya kiganja na ya mkono wa chini ilinywea. Kano zilizozoea kuteleza ndani ya ala zake zikakakamaa. Kifuko kinachozunguka kifundo kikasinyaa. Hakuna eksirei inayoonyesha hayo. Daktari alitazama picha ya mfupa akakwambia ukweli wa mfupa. Ukweli wa hivyo vingine ulikuwa kwenye ile karatasi uliyoiacha baada ya siku nne.

Kwa kifundo kilichovunjika kama chako, kwa kawaida watu hurudia mazoezi mepesi kama kuogelea mwezi mmoja au miwili baada ya plasta kutoka, na michezo ya nguvu kati ya miezi 3 na 6 tangu siku ya ajali. Kukaza kidogo na maumivu ya hapa na pale huweza kudumu mwaka na zaidi. Safari ya wenzako inaangukia wiki yako ya 12. Kwa kalenda peke yake ungeweza kujidanganya kwamba upo mlangoni. Ndiyo sababu mimi wanafunzi wangu siwapimi kwa kalenda. Nawapima kwa breki.

Fanya hivi. Kaa juu ya baiskeli, miguu yote miwili chini, mahali pa tambarare. Bana breki ya mbele kwa vidole viwili vya mkono wa kushoto, kisha isukume baiskeli mbele kwa mwili wako. Gurudumu lisizunguke hata kidogo. Shikilia hesabu ya tano, achia, rudia. Mara 20. Ile ya 20 inatakiwa kuwa na nguvu ya ile ya kwanza, na kesho yake asubuhi kifundo kisiwe kimevimba. Leo najua hutafika hata ya tatu, na si aibu. Nataka tu uujue umbali uliobaki kwa vidole vyako badala ya kuusikia kwa marafiki.

Kwa nini nakazania ya mbele? Kwa sababu ukifunga breki, uzito wako wote hukimbilia mbele. Gurudumu la mbele hukandamizwa na kushika barabara, la nyuma hupata wepesi na kukwama kirahisi. Ndicho kilichokupata. Mtu anayeshuka na breki ya nyuma peke yake anahitaji nafasi kubwa mno ili asimame, na kwenye mteremko nafasi hiyo haipo. Kuna watakaokushauri ubadilishe waya, breki ya mbele ihamie mkono wa kulia mpaka upone. Mimi sikubaliani nao. Mkono wako una mazoea ya miaka 30, na siku ya hofu utarudia mazoea yake. Utabana kwa nguvu ile uliyokusudia kwa gurudumu la nyuma, kumbe umeshika la mbele, na utapita juu ya usukani.

Basi nguvu irudi mkononi kwanza. Mtafute yule mtaalamu wa mazoezi tiba uliyemkwepa. Yeye ataona ambayo mimi kwa barua siyaoni, na namna anavyokushika kifundo tu atajua kinachokwamisha ni kano, ni kifuko au ni woga. Huku ukisubiri siku yake, na daktari akikuruhusu, ifufue ile karatasi. Loweka mkono kwenye maji ya uvuguvugu kama dakika kumi, kwa kuwa kiungo kilichopoa kinakataa. Kisha kutanisha viganja kifuani kama anayesali, uvishushe polepole kuelekea kitovu bila kuviachanisha mpaka uhisi kifundo kinavutika. Hesabu kumi na tano, pumzika, tena. Kamua taulo lililolowa, mara kwa upande huu, mara kwa ule. Na kuna zoezi moja ninalolipenda kuliko yote kwa wapanda baiskeli: shika nyundo ndogo mwishoni mwa mpini, kiwiko kikiwa kimebanwa ubavuni, uigeuze taratibu, kichwa chake kilale kulia, kisimame, kilale kushoto. Siku ya kwanza nyundo itakuwa nzito kama mtaimbo. Ikikuzidi, ishike karibu na kichwa, na kila wiki ushushe mkono kidogo kuelekea mwisho wa mpini. Ninao wanafunzi wanaoweka alama za kalamu kwenye mpini huo, na sijaona kitu kinachompa moyo mgonjwa kama kuziona alama zinashuka.

Fanya kidogo mara tatu au nne kwa siku, usikusanye yote jioni. Maumivu ya kuvuta yanayotulia ndani ya nusu saa ni ya kawaida. Yanayokuamsha usiku, au uvimbe unaoukuta asubuhi, yanakuambia jana ulizidisha. Punguza nusu, usiache.

Pumzi yako isikusumbue. Mapafu na miguu hushuka ndani ya wiki chache za kukaa, lakini hurudi upesi kuliko kifundo. Ukipata baiskeli ya mazoezi ya ndani, isiyo na barabara wala breki, ipande hata kesho daktari akikubali, mgongo ukiwa wima na mkono wa kushoto ukiwa mapajani. Tembea sana pia. Baiskeli ni rafiki mzuri wa moyo, ila haiitikisi mifupa, kwa sababu siti ndiyo inayokubeba. Ndiyo maana waendesha baiskeli wa barabarani ambao hawafanyi kitu kingine mara nyingi huwa na mifupa hafifu ya kiuno na uti wa mgongo kuliko wakimbiaji. Kutembea kwa haraka na kunyanyua vyuma kunaziba pengo hilo. (Na wewe msomaji uliyevuka miaka 50, ukavunjika kifundo kwa kujikwaa tu, omba upimwe msongamano wa mifupa, yaani uimara wake. Mfupa wenye afya kwa kawaida hauvunjiki kwa kuanguka kudogo.)

Sigara. Hapa nakusihi kama mwanangu wa kumzaa. Moshi hubana mishipa midogo ya damu na kupunguza hewa ambayo damu inabeba, na ule mfupa wa haraka haraka niliokueleza unaishi kwa damu hiyo. Mvutaji huunga polepole zaidi, na uwezekano wa mfupa wake kutounga kabisa ni mkubwa zaidi. Uliziacha miaka minne, maana yake unajua njia. Mbili tatu kwa siku ni rahisi kuacha leo kuliko kumi mwezi ujao. Kwenye chakula hakikisha una protini ya kutosha na kalsiamu, ambayo mtu wa umri wako anahitaji kama miligramu 1,000 kwa siku, na vitamini D ili mwili uweze kuitumia.

Nije kwa Pogačar, maana wenzako wamemtumia vibaya. Ni kweli alianguka kwenye mbio za Liège–Bastogne–Liège kule Ubelgiji tarehe 23 Aprili 2023, akavunja ule mfupa wa mtumbwi pamoja na jirani yake, na tarehe 1 Julai akaanza Tour de France. Alimaliza wa pili nyuma ya Jonas Vingegaard. Mwaka uliofuata Vingegaard mwenyewe alianguka Aprili, akavunja mtulinga na mbavu kadhaa, pafu likasinyaa, na Julai naye akamaliza wa pili nyuma ya Pogačar. Nawaheshimu wote wawili. Lakini Pogačar alifanyiwa upasuaji, na kurudi barabarani ndiyo kazi yake ya kila siku, akizungukwa na madaktari na watu wa kumkanda. Wewe umefanya mazoezi siku nne. Na wenzako wakitaka mifano yote, wamtaje pia Chris Froome, bingwa wa Tour mara nne, aliyeanguka Juni 2019 na kuvunja paja, kiwiko na mbavu. Alirudi kwenye mashindano Februari 2020, akapambana miaka mingi, na ushindi haukurudi tena. Sikutishi. Nataka ujue kuwa mwili wa bingwa nao una lake, na tarehe ya mtu mwingine haikuhusu.

Kwa hiyo jibu la swali lako ni hapana. Wiki tatu hazikutoshi, si kwa kilomita 90, na si ndani ya kundi. Ukiwa peke yako, mkono mbovu unakuumiza wewe. Kwenye kundi, magurudumu yakiwa karibu kugusana, breki yako ni usalama wa aliye nyuma yako pia. Utatakiwa kuonyesha ishara kwa mkono mmoja huku mwingine ukishika usukani peke yake juu ya barabara mbovu. Waandikie wenzako leo uwaambie huendi, usiwaache wakitumaini. Ukitaka kuwa nao, wapokee mwisho wa safari.

Siku utakapofaulu kipimo cha breki, na daktari akakubali, usianzie barabarani. Tafuta uwanja mtupu. Nenda polepole kama mtu anayetembea, bana breki zote mbili mpaka usimame. Tena, kwa kasi zaidi kidogo. Fanya hivyo siku kadhaa kabla ya kugusa mteremko wowote. Pandisha usukani kidogo ili uzito uhamie kwenye siti, na uangalie pua ya siti isiwe imeinama, maana ikiinama inakumwagia mikononi. Breki nyingi zina skrubu ndogo ya kuileta karibu na vidole, izungushe. Upepo wa tairi upunguze kidogo, ndani ya kiwango kilichoandikwa ubavuni mwake, ili kifundo kisile mtikisiko wote. Glavu zenye pedi zinasaidia.

Lakini baiskeli yenyewe ilianguka pamoja nawe. Ulipoishusha ukutani, uliikagua? Fundi aangalie uma wa mbele, usukani na shingo yake, na kama fremu ni ya kaboni, ipimwe na anayeijua kaboni, kwa kuwa hupasuka kwa ndani bila rangi ya juu kuonyesha kitu. Na helmeti, mwanangu, itupe. Leo. Ile povu ngumu iliyomo ndani hufanya kazi mara moja tu: inabonyea na kupasuka ili fuvu lisipasuke. Ufa ulioona ni ushahidi kwamba imekwisha kufanya kazi yake. Kabla ya kuitupa kata kamba zake, asije akaiokota mtu akamvalisha mtoto.

Kuhusu ile kona unayoiona ukifumba macho. Nami niliwahi kuvunjika mtulinga, miaka mingi iliyopita, na ninachokumbuka zaidi ya maumivu ni kwamba mfupa ulipona, mimi nikawa nashuka mlima mikono imekaza kama fimbo. Mikono iliyokaza huipitishia baiskeli kila mtetemo wa mwili, nayo hukataa kupinda. Hofu yangu ilikuwa inaitengeneza ajali niliyokuwa naiogopa. Kilichonisaidia ni kurudi kule kwa miguu. Nilisimama palepale asubuhi yenye jua, nikatazama nilipoingilia, nilipobana breki, mchanga ulipokuwa. Baadaye nikapita nikiikokota baiskeli. Baadaye tena nikapita nimepanda, polepole, rafiki yangu akiwa nyuma. Wewe una bahati ya kujua kosa lako: ulibana breki ya mbele ndani ya kona. Kasi hupunguzwa kabla ya kona, baiskeli ikiwa bado wima. Ukishaingia, vidole vinalegea na macho yanatazama unakotokea. Ukifika uwanjani, hilo nalo lifanyie mazoezi mpaka mwili ulifanye bila kuambiwa. Lakini imeshapita miezi miwili. Kama ile kona inakujia hata mchana, inakukosesha usingizi, au moyo unakwenda mbio ukisikia tu mlio wa kokoto, hiyo si hofu ya kuchekea jino pembe. Kuna wataalamu wa afya ya akili wanaoitibu, na hupona.

Nimeacha nyumbani kwako kwa mwisho kwa sababu ndiko kulikonigusa zaidi. Umeuliza kama mama watoto ana haki ya kutaka baiskeli iuzwe. Yeye anachojua ni kwamba mume wake aliondoka na mikono miwili akarudi na mmoja, na yeye mke ndiye aliyekufunga vishikizo vya shati kwa wiki sita. Hana habari ya ule ukuta. Mtu anayeamua bila kuwa na habari zote huamua kwa woga, na aliyemnyima habari ni wewe. Nadhani hata yeye anahisi kuna kitu, maana kifundo hakivimbi hivyo kwa kulaliwa. Mkalishe umweleze yote, kuanzia pampu mpaka kiatu. Atakasirika, na mwache akasirike. Kisha mwonyeshe kile kipimo cha breki, umwambie kwamba hutapanda mpaka ukifaulu yeye akiwa amesimama hapo anahesabu. Hivyo woga wake utakuwa na kitu cha kushika. Kuuza au kutouza, zungumzeni miezi mitatu ijayo, mkono ukiwa na majibu.

Na yule wa miaka tisa. Umembebesha siri ambayo hata wewe imekuelemea. Kama ungepiga ule ukuta, angekua akijua kwamba yeye ndiye aliyejaza zile tairi. Mwombe radhi mbele ya mama yake, kwa maneno mepesi, na umwambie kwamba hakukosea kitu.

Tairi zimwage upepo, uirudishe baiskeli ukutani. Pampu isimamishe mahali unapopita kila siku. Kusukuma pampu ni kiganja kubeba uzito wa mwili huku kifundo kimekunjwa nyuma, na kwa mkono kama wako hilo ni moja ya mambo yanayochelewa kurudi. Jaribu kila Jumapili, mikono yote miwili, ukisimama panapouma. Siku utakapojaza tairi zote mbili wewe mwenyewe, mwanao akiwa pembeni anakutazama tu, niandikie.